Ndege ya Jioni, Nairobi hadi Mombasa: Wahudumu Nyota Tano, Langoni Nyota Mbili

Kabla sijafungua duka la vipuri hapa Changamwe nilikuwa makanga, yaani kondakta wa matatu, laini ya Mtwapa. Ndiyo maana nikipanda ndege macho yangu hayaendi dirishani, yanamfuata mhudumu. Nataka kuona atamfanyaje yule abiria ambaye hakosekani kwenye chombo chochote, awe kwenye matatu, feri ya Likoni au ndege: anayezijua haki zake zote na hajui wajibu wake hata mmoja.

Kampuni sitaitaja. Ninachokipima ni huduma ndani ya ndege, na wahudumu wenyewe huhama. Wa leo hapa, kesho utawakuta kwingine. Ni ile ndege ndogo ya pangaboi, viti viwili viwili kila upande, inayotoka Nairobi jua likizama. Mimi hushinda Kirinyaga Road nikitafuta breki pedi na beringi, nikimaliza nakimbilia uwanjani. Treni ya SGR bado ni rahisi zaidi, hata baada ya daraja la kawaida kupanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, lakini inakula saa tano na zaidi, na ukishuka Miritini usiku bado una safari nyingine mbele yako. Ndege haimalizi saa moja hewani.

Nianze na yaliyonikera, na yote yalitokea chini, kabla hatujaiona ndege. Tulichelewa. Kuchelewa si kosa kubwa, mashine ni mashine. Kosa ni kwamba wale waliokaa kwenye kaunta ya lango hawakusema neno. Ubao unaonyesha saa ileile ya zamani, saa yenyewe imeshapita, na wao wanatazama kompyuta. Ukimweleza abiria kwamba gari limepasuka tairi, atalalamika dakika mbili kisha atulie. Usipomwambia kitu, anaanza kujijazia mwenyewe, na akifika mlangoni tayari ana mzigo wa hasira wa kumtwika mtu.

La pili ni mabegi. Tiketi imeandika wazi: begi moja la mkononi, na uzito wake. Langoni hakuna aliyepima, hakuna aliyehesabu. Nimemwona mtu amepita na begi la magurudumu, mkoba wa kompyuta, na mfuko wa duty-free wa safari yake ya nje, na mkaguzi akachana karatasi yake akasema karibu. Sasa ndege hizi ndogo makabati yake ya juu ni mafinyu. Begi la magurudumu haliingii hata ulisukume kwa bega. Kila mtu pale langoni anajua hivyo. Wanaliacha tu lipite, wakijua huko juu kuna msichana atakayegombana nalo. Hayo ndiyo malalamiko yangu makubwa: ugomvi mwingi unaouona ndani ya ndege umetengenezwa chini, ukapandishwa na abiria.

Na kweli ulizuka. Yule bwana wa begi la magurudumu alifika safu yake, akajaribu kabati, halikufunga. Akajaribu la upande wa pili, akaanza kutoa vitu vya wenzake. Mama mmoja akasema, "We kaka, hiyo ni keki ya watu!" Foleni imesimama hadi kwenye ngazi. Mhudumu akaja kutoka nyuma, msichana mfupi, kitambaa shingoni, wala hakuja mbio.

Hakumwambia "sheria hairuhusu". Alisimama kati yake na sisi wengine, akatupa mgongo, akasema kwa sauti ambayo niliisikia kwa sababu tu nilikuwa safu ya mbele yao: "Kaka, umechoka, najua tumewaweka sana. Hilo begi nalishusha mimi mwenyewe, utalipokea Mombasa na mizigo mingine. Ila kabla sijalichukua, kuna pawabanki ndani?"

Jamaa akafoka: "Kwani wewe ni polisi?"

"Hapana. Ila betri ikishika moto hapa juu, mimi nitaiona na nitaizima. Ikishika moto kule chini kwenye mizigo, hakuna mtu."

Bwana akanyamaza. Akapiga goti kwenye njia, akafungua zipu, akaanza kuchimba. Zikatoka soksi, ikatoka chupi ya rangi ya machungwa, chaja tatu zilizosokotana, hatimaye pawabanki mbili. Msichana akatazama pembeni mpaka nguo ziliporudi ndani. Kisha akasema, "Asante kaka," akalifunga begi, akalibeba. Hakuna aliyecheka, na nadhani hakuna aliyecheka kwa sababu yeye hakucheka.

Niwaeleze wasiojua: si usumbufu wake binafsi. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini katika ndege yoyote ya abiria, zinakaa nawe juu. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri. Pawabanki nyingi zinazouzwa madukani, zile zilizoandikwa 20,000 mAh, ni kama wati-saa 74, kwa hivyo uko salama, bora uzibebe mkononi. Begi lako likichukuliwa mlangoni, toa betri kwanza. Usingoje kuulizwa.

Mimi nimewahi kuwaona makanga wazuri na makanga wa ovyo, na tofauti yao ni hapo. Yule wa ovyo anataka abiria akiri kwamba amekosea. Abiria anayetazamwa na watu wengi hawezi kurudi nyuma, atakufa na neno lake. Huyu dada alimpa mlango wa kutokea: umechoka, nitabeba mimi, nipe betri tu. Jamaa alipoteza ugomvi bila kujua kwamba ameupoteza. Kwa hilo pekee nampa nyota tano.

Kulikuwa na mengine. Mzee na mkewe walikuta kijana amekaa kiti chao, mhudumu wa kiume hakuuliza nani mwenye makosa, aliomba karatasi zote tatu, akazisoma, akasema, "Mwanangu, wewe ni safu ya nyuma yao." Dakika moja, imekwisha. Na kwenye safu ya mlango wa dharura alikaa bwana mmoja mnene aliyeipenda kwa nafasi ya miguu, akaweka mkoba wake sakafuni mbele yake. Aliambiwa auondoe, akaguna, akaambiwa tena kwa upole uleule, na mara ya tatu akapewa hiari: mkoba uende juu au yeye ahamie safu nyingine. Mkoba ukaenda juu. Watu huona kama wanaonewa. Ndege kama hii haipati kibali mpaka ithibitike kwamba waliomo wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Sasa weka mkoba mmoja pale kwenye upenyo, gizani, watu wanasukumana, uone hizo sekunde zinavyokwenda.

Kilichonigusa zaidi lakini ni bibi mmoja aliyekaa upande wangu wa pili, wa makamo ya mama yangu, buibui na ushungi, mkononi kashika tasbihi. Ilikuwa wazi kwamba hajawahi kupanda. Tangazo la usalama lilisomwa kwa Kiingereza vizuri, kisha kwa Kiswahili mbio mbio, kama mtu anayesoma taarifa ya mnada. Bibi hakushika hata nusu. Mkanda ukamshinda, alikuwa akiuvuta kama wa teksi, unaopita begani. Yule dada wa begi alipopita kukagua, akachuchumaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Hiki chuma kinaingia hapa. Sikiliza, tak. Ukitaka kutoka unainua hapa. Hebu fanya mwenyewe."

Bibi akafunga, akafungua, akafunga tena, akatabasamu. Kisha akauliza kama kelele za pangaboi ni za kawaida. Akaambiwa ni za kawaida, na kwamba magurudumu yakikunjwa atasikia mshindo chini ya miguu, asishtuke. Mshindo ulipokuja akanigeukia mimi akanieleza, "Ni magurudumu hayo." Mimi nikamwambia ahsante.

Kwa hivyo kampuni, kama mnasoma: mnaye mtu anayeweza kueleza usalama kwa Kiswahili watu wakaelewa. Mpeni kipaza sauti yeye, na mpunguze kasi. Ndege inakwenda Mombasa, jamani.

Sasa zamu yetu sisi abiria, maana nikiwasema kampuni peke yao nitakuwa nimeonea. Simu. Kijana nyuma yangu alisikiliza ujumbe wa sauti wa mpenzi wake bila spika za masikioni, tukaujua ugomvi wao wote, na kwa kweli msichana yule ana haki. Wahudumu walipita mara mbili bila kusema kitu, na hapo hawakunifurahisha. Viatu: kuvua si neno, lakini mguu usiupandishe kwenye kiegemeo cha mwenzako wa mbele. Kulaza kiti kwenye safari ya chini ya saa moja ni uchokozi tu. Na kuita mhudumu kwa kupiga vidole, "we, we msichana", hapana. Juu ya kichwa chako kuna kitufe. Na watu wetu wa Pwani, tunaojisifu kwa adabu, ndio tuliokuwa tukipita mlangoni bila kuitikia "karibu" ya mtu aliyesimama pale tangu alfajiri.

Asubuhi, safari ya kwenda, ni samaki. Kuna mtu hupandisha boksi la kamba na pweza wenye barafu kwa ajili ya shemeji zake Nairobi, analitia kabati la juu akiamini barafu haitayeyuka. Inayeyuka. Nimemwona bwana wa suti akipangusa kola. Peleka kama mzigo wa chini, ufungwe inavyotakiwa, au uulize kaunta mapema. Halua na mabuyu havina shida, bebeni.

Tulipokaribia kutua taa zikapunguzwa, na bwana wa safu ya pili akalalamika kwamba anasoma. Akajibiwa kwamba ni ili macho yazoee giza, likitokea lolote watu waone njia. Hakufurahi, lakini alifunga gazeti. Halafu magurudumu yakagusa ardhi, na kama kawaida yetu ndege haijasimama watu washasimama. Nusu ya ndege walikuwa wameinuka kabla hatujatoka kwenye njia ya kurukia. Dada akatumia kipaza sauti, na safari hii sauti ilibadilika: "Kaeni. Sote. Tafadhali." Wakakaa. Upole wote ule wa mwanzo ndio ulioipa nguvu sauti hiyo. Angekuwa amefoka tangu Nairobi, nani angemsikiliza?

Na wasidhani ni heshima tu. Rubani mkuu ana mamlaka kisheria: Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa, katika safari za kimataifa, uwezo wa kumzuia abiria anayehatarisha wenzake na kumteremsha, na itifaki ya Montreal ya 2014, iliyoanza kutumika Januari 2020, ikaongeza kwamba nchi ndege inakotua nayo inaweza kumshitaki. Safari za ndani zina sheria zetu wenyewe. Katika safari hii hakuna aliyehitaji kukumbushwa hayo, na hiyo ni sifa ya wale wawili.

Alama zangu basi. Wahudumu tano. Usafi nne, mfuko wa kiti changu ulikuwa na maganda ya njugu ya mtu wa asubuhi. Lango na taarifa za kuchelewa, mbili, na hizo mbili ni kwa sababu kiyoyozi kilifanya kazi. Nitapanda tena, kwa kuwa Kirinyaga Road haihami.

Ukiwa unasafiri na mzazi ambaye hajazoea, chukueni viti vya mbele, na mlangoni mwambieni mhudumu kwa Kiswahili kwamba ni mara yake ya kwanza. Watakuja wenyewe. Na mkishuka hapa uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, teksi za nje bei yake mpatane kabla hamjapakia begi. Usiku wanajua umechoka.