Kamera ya USB yenye chipu ya Timepix: uzoefu wangu darasani Kisumu

Nafundisha fizikia hapa Kisumu, na kwa mada za eksirei na unururifu za kidato cha nne sijaona kifaa kinachoishinda kamera hii. Kipimio cha Geiger hulia tu, hujui kilichokiliza. Hii inakuonyesha kila chembe kivyake kwenye skrini: alfa inaacha doa kubwa la mviringo, elektroni mstari uliojipindapinda, myuoni (chembe ya miale itokayo angani) mstari ulionyooka, na fotoni ya eksirei kinukta tu. Ukiweka mbele yake mbolea ya NPK kutoka agroveti, elektroni za potasiamu zinaanza kuchora, na darasa zima linasogelea kompyuta. Umeme ukipotea, laptopu inaiendesha bila shida.

Chipu yenyewe ilibuniwa na ushirikiano wa Medipix wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule Geneva. Ina pikseli 256 kwa 256, kila moja mikroni 55, na juu yake kimeunganishwa kipande chembamba cha silikoni. Mwale ukinaswa na silikoni huzalisha chaji, na pikseli iliyo chini yake huisoma. Kila pikseli ina saketi na kizingiti chake, yaani kiwango cha chini cha chaji inachokubali, kwa hiyo kelele ndogo za umeme hazihesabiwi kabisa. Kwangu hilo ndilo bora kuliko yote: kinachoonekana kimepita kweli.

Kasi? Muundo huu wa kihisi juu ya chipu ndio wa AGIPD, kitambuzi cha European XFEL, maabara ya leza ya eksirei kule Ujerumani, kinachoweza kuhifadhi picha 352 ndani ya pikseli zake kwa mwendo wa zaidi ya picha milioni 4 kwa sekunde. Yetu haikaribii hapo. Anayehitaji muda sahihi wa kila tukio atafute Timepix3, toleo la baadaye la chipu hii, inayopima kwa hatua za nanosekunde 1.56.

Usiinunue ukitarajia picha za mifupa. Eneo lake ni milimita 14 kwa 14, na silikoni ya mikroni 300 hunasa takriban asilimia 90 ya eksirei za keV 10 (keV ni kipimo cha nishati), lakini zikifika keV 60 ni asilimia chache tu. Kihisi cha kadimiamu teluraidi badala ya silikoni hunasa zaidi, ila bei inapanda.

Na bei tayari ni kali kwa shule moja. Sisi tunaitumia kwa zamu na shule jirani, kwa sharti moja: kifuniko hakitoki mwanafunzi akiwa ameishika, kwa sababu kihisi kikiguswa kwa kidole kinaweza kuharibika.