Thamani inayojifuta: printf au gdb?

Tuseme programu ya C huko Kigoma inarekodi kina cha maji Ziwa Tanganyika. Muundo wake (struct), unaoitwa `r`, una `char kituo[8]`, yaani nafasi ya baiti 8 za jina la kituo, kisha `int kina`. Kituo cha Ujiji hakina shida. Mara mojamoja tu, kina cha 27 kinageuka 0.

printf, amri ya C ya kuchapisha thamani, ni mstari mmoja na haihitaji somo. Ila matokeo yakielekezwa kwenye faili hukaa kwanza kwenye bafa (hifadhi ya muda ya kumbukumbu). Programu ikianguka, mistari ya mwisho hupotea nayo, nawe unapekua pasipo na kosa. Tumia stderr, njia ya ujumbe wa makosa isiyosubiri bafa. Na kama hitilafu inategemea muda, printf huichelewesha programu, nayo hitilafu inatoweka kama dagaa usiku wa mbalamwezi.

Kwa thamani inayofutwa, gdb, zana ya kusimamisha programu na kuichunguza ndani, haina mpinzani. Kompaili kwa `-g -O0` (weka taarifa za uchunguzi, usiboreshe msimbo), simama kwenye main, andika `watch -l r.kina` ili gdb isimame kila thamani hiyo inapobadilika, endelea. Prosesa ya x86 huweza kulinda anwani 4 tu, lakini hapa moja inatosha. Programu inasimama papo hapo: ya zamani 27, mpya 0. `bt` (orodha ya funksheni zilizoitana) inaonyesha strcpy, inayonakili maandishi bila kupima nafasi, ikinakili jina la kituo kingine, "Kibirizi": herufi 8, na sifuri ambayo C huweka kufunga maandishi ni baiti ya 9, imemwangukia jirani, `kina`. (Kina kingekuwa 300, ungeona 256, baiti ya chini tu ndiyo inayofutwa.) Raha ya kuliona hilo haisimuliki!

Dawa: `kituo[16]`, na snprintf, inayoheshimu ukubwa unaoipa, badala ya strcpy.