Uzoefu wangu: siku nne za loji, Samburu hadi Ziwa Nakuru, Mama kiti cha mbele

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu tangu turudi. Nililipa shilingi 58,500 kwa kila kichwa, na tulikuwa watatu: mimi, dada yangu, na Mama ambaye ana miaka 71. Hiyo ni bei ya mwananchi, wakati wageni ni wachache. Ndani yake kulikuwa na usafiri kutoka Nakuru, malazi ya siku mbili kwenye loji ndani ya Hifadhi ya Samburu, siku moja kwenye loji ya Ziwa Nakuru, chakula mara tatu, ada za kuingia, na dereva ambaye ndiye pia kiongozi wa kutuonyesha wanyama. Vinywaji unajinunulia. Bei ya soda usiulize.

Kampuni sitaitaja. Bado kuna hesabu kati yetu, nitaifikia.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa Lanet saa kumi na mbili kamili, Mama amevaa sweta mbili na koti juu. Picha tulizotumiwa kwenye simu zilikuwa za Land Cruiser ya kijani, vioo vikubwa, kila mtu na dirisha lake. Iliyokuja ni vani nyeupe, imezeeka kwa heshima, na paa lake la kuinua lilikuwa linakataa upande mmoja. Dereva alikuwa na kipande cha mbao cha kuliegemeza. Hakujitetea wala hakumsema bosi wake. Alisema tu, "Gari ni hili, lakini macho ninayo." Nikaona haya ni maneno ya kuchangamsha wateja. Tena tuliahidiwa gari la peke yetu, na Nyahururu tukaongezewa mume na mke kutoka Eldoret. Bahati yetu walikuwa watu wapole.

Barabara yenyewe ni karibu kilomita 300: Subukia, Nyahururu, Rumuruti, Nanyuki, Timau, Isiolo, halafu Archer's Post. Ikweta mnaivuka kabla hata chai ya asubuhi haijatulia tumboni. Pale Nyahururu tulisimama kuangalia maporomoko ya Thomson, mita 74, Mama akasema maji hayo ni mengi lakini baridi yake ni ya kuua mtu. Lami ni nzuri na sina la ziada, isipokuwa kipande cha kutoka Timau kushuka Isiolo. Hapo ndipo pesa ya safari inapoanza kuonekana. Juu kuna mashamba ya ngano na vibanda vya maua, mlima Kenya uko begani mwako. Unashuka tu, saa moja haijaisha, na dunia imegeuka: udongo umekuwa mwekundu kisha wa kijivu, miti imepungua ikabaki migunga ya miiba, hewa inaingia dirishani kama mtu amefungua oveni. Mama alivua koti tukiwa bado kwenye mteremko. Sweta ya kwanza aliivua Isiolo mjini. Ya pili aliivua Archer's Post, akaikunja akaikalia.

Dereva ni Msamburu, na kuanzia hapo alikuwa kwao. Akaacha kumwita Mama "madam" kama alivyofunzwa na ofisi, akaanza kumwita "yeyo", yaani mama kwa lugha yao. Mama naye akajifunza kusema "supa", salamu yao, na akaisema kwa kila askari wa lango, kila mhudumu, na kwa mbuzi wawili.

Sasa loji. Ni nzuri, sitaki kuionea. Nyumba ndogo ndogo zimepangwa kufuata mto Ewaso Ng'iro, mikoma imesimama juu ya ukingo, na jioni mamba wanajianika upande wa pili kama magogo. Mto wenyewe wakati huu ulikuwa mwembamba, rangi ya chai ya maziwa, na ndivyo jina lake lilivyo, mto wa maji ya hudhurungi. Lakini usiudharau. Machi 2010 ulifurika ghafla ukasomba kambi kadhaa za watalii, na dereva alituonyesha kwa kidole maji yalifika wapi.

Makosa ya loji ni matatu, na yote yanamhusu mzee. Walitupa nyumba ya mwisho kabisa kutoka ukumbi wa chakula, njia ya mawe, na mtu wa miaka 71 anatembea hapo mara sita kwa siku. Nilipolalamika walitubadilishia, ila siku ya pili. Jenereta inazimwa saa nne usiku, feni inakufa nayo, na joto la kule halijui kuwa ni usiku. Halafu chakula. Bafe ilikuwa ndefu, vyakula kumi na kitu, na vyote vina ladha moja ya kumwogopa mgeni asiumwe na tumbo. Mama alizunguka na sahani yake tupu mara mbili, akarudi akakaa, akamwuliza mhudumu kwa upole, "Baba, nyinyi wenyewe huko nyuma mnakula nini?" Kesho yake usiku tuliletewa ugali, sukuma wiki na mbuzi wa kukaanga, kimyakimya, kama magendo. Yule mume wa Eldoret aliangalia sahani yetu mpaka tukamgawia.

Na jamani, wahudumu wa loji, Mkenya mwenzako akiingia usimwimbie "jambo" na kumpa taulo ya mvuke. Tulisimama pale hatujui tupige makofi au tutoe sadaka.

Hakuna uzio. Usiku askari anakusindikiza na tochi kwa sababu ndovu hupita katikati ya nyumba. Mchana shida ni tumbili, waliompokonya dada yangu mkate akiwa ameushika, na loji imeajiri kijana wa manati kwa ajili yao tu. Hili la uzio lilinikaa kichwani, kwa sababu sisi wa Nakuru tumezoea hifadhi iliyozungushiwa nyaya za umeme. Hifadhi ya Ziwa Nakuru ni kilomita 188 za mraba, Samburu ni kama 165, kwa hiyo yetu ndiyo kubwa. Lakini ukiwa Samburu huoni mwisho, maana mnyama anavuka mto kwenda Buffalo Springs, anaendelea mpaka malishoni kwa watu, na hakuna anayemwuliza.

Jioni ya kwanza nusura nimkatie dereva tamaa. Redio ya madereva ilisema kuna chui, akauliza kama tunataka, sote tukasema ndiyo, akaenda mbio. Tulikuta magari kumi na moja yamezunguka mti, injini zinanguruma, watu wamesimama juu ya viti. Nilichoona ni mkia. Dada yangu anasema aliona sikio. Tukirudi, gari likazama kwenye mchanga wa laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, dakika arobaini tunangoja mwenzake aje na kamba, na hapo nilitamka maneno juu ya ile Land Cruiser ya picha ambayo Mama alinikataza kuyarudia.

Asubuhi ya pili dereva alizima redio. Alisema, "Leo tutatembea kwa macho yangu, mkichoka mniambie." Hatukuchoka.

Samburu inajulikana kwa wanyama watano ambao huku kwetu Nakuru huwaoni: punda milia wa Grevy, twiga wa madoa kama wavu, choroa (oryx), swala twiga, na mbuni wa Kisomali. Ofisi ilikuwa imewaandika kwenye ratiba kama orodha ya kununua vitu dukani. Dereva alituonyesha namna ya kuwasoma. Alisimama penye kundi la punda milia na kumwuliza Mama, yeyo, hawa si kama wale wa Naivasha barabarani? Mama akasema punda milia ni punda milia. Akampa darubini. Angalia tumbo, halina mistari, ni jeupe. Angalia masikio, ya duara, makubwa. Mistari ni myembamba kama ya kalamu. Huyo ni wa Grevy, amepewa jina la rais wa Ufaransa wa zamani, na waliobaki duniani ni kama elfu tatu tu, wengi wao hapa Kenya. Ukame mkubwa wa 2022 uliua wengi wao pamoja na ng'ombe wa watu. Mama aliishikilia ile darubini muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nimeishi na ndugu yao wa kambo."

Swala twiga ndiye aliyetuchekesha. Shingo ndefu, miguu ya vijiti, anasimama wima kwa miguu ya nyuma kama mtu anayetafuta kitu juu ya kabati, anachuma majani laini juu ambapo mbuzi hafiki. Maji anaweza kukaa bila kunywa, anayapata kwenye majani. Choroa yeye huacha mwili upate joto kuliko wanyama wengine wangevumilia, ili asipoteze maji kwa jasho. Haya yote dereva aliyasema bila kukariri, akiendelea kuangalia chini ya vichaka.

Halafu ndovu. Dereva hakusikia kwa mtu, alifuata nyayo. Alisimamisha gari akatuonyesha mchangani: mguu wa mbele ni duara, wa nyuma umerefuka kidogo, na wa nyuma unakanyaga karibu palepale ulipokanyaga wa mbele. Kingo za alama zilikuwa bado kali, upepo haujazila, kwa hiyo hawako mbali. Tulishuka na gari pembeni ya laga polepole, akazima injini.

Walikuwa tisa. Laga yenyewe ilikuwa imekauka kabisa. Jike mkubwa alikuwa anachimba mchanga kwa mguu wa mbele, anapiga teke, anatoa mchanga kwa mkonga, anangoja. Anachimba tena. Shimo likafika kama mkono wangu mpaka kwenye bega, maji yakaanza kujaa kidogo kidogo, masafi kuliko ya mtoni. Akanywa. Wengine wamepanga foleni nyuma yake, si utani, foleni. Mtoto mmoja alijipenyeza akaingiza mkonga wake mfupi, haukufika, akapiga magoti akajaribu na mdomo. Mamake akamsukuma pembeni, akavuta maji, akamnyunyizia mdomoni na usoni.

Mama hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba walipokuwa wasichana, kiangazi, walichimba hivyohivyo kwenye mchanga wa mto, na aliyechimba ndiye anayekunywa mwisho, si kwanza, kwa hiyo huyu mkubwa hana adabu. Dereva alicheka mpaka akajifuta macho. Akamwambia kwao Samburu visima vya mchangani vina wenyewe, na wachimbaji hushuka wakiimbia ng'ombe wao, kila mfugo unajua wimbo wa mwenyewe. Wakaendelea kuzungumza visima, wao wawili, sisi wengine tumegeuka wasikilizaji. Tulikaa hapo saa moja na robo. Hakuna gari jingine lililokuja.

Siku ya tatu ni kurudi, na ya nne ni hifadhi yetu ya nyumbani, tuliyoilipia loji ingawa nyumba ya Mama iko Kaptembwo, ng'ambo ya uzio tu. Niliuliza kama tunaweza kulala nyumbani tupunguziwe. Ofisi ilisema kifurushi ni kifurushi. Mkienda wenyewe bila kifurushi, ada ya kuingia inalipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, noti yako hawaipokei, kwa hiyo muwe na simu yenye chaji.

Nilidhani siku hiyo itakuwa ya bure. Vifaru tuliwaona wanane, wengine karibu na gari mpaka unasikia nyasi zinavyokatika. Heroe, yaani flamingo, walikuwa wachache, kijistari cha waridi mbali sana. Dereva alieleza kwamba maji yalipopanda, kuanzia miaka ya 2010, chumvi ilipungua na ule mwani wanaokula ukapungua pia, wengi wakahamia Bogoria na kwingine. Migunga iliyokufa bado imesimama majini, myeupe, na lango kuu la zamani lilimezwa. Mama amekaa kando ya hifadhi hii zaidi ya miaka 40 na ilikuwa mara yake ya kwanza ndani. Tulipopanda kwenye jabali la nyani aliomba darubini tena. Hakuangalia ziwa. Alitafuta mabati ya Kaptembwo, akahesabu kutoka mnara wa simu, akasema nyumba yake ni ile, na kwamba nani ameacha nguo zake nje.

Nyota: dereva tano, loji nne ukimpata mpishi, ofisi moja. Ukiwaandikia watu wa safari usiulize bwawa la kuogelea. Uliza gari ni lipi na utumiwe picha ya gari lenyewe lenye nambari, na uliza dereva ni mwenyeji wa wapi. Beba maji yako, walitupa chupa moja ya nusu lita kwa siku kwenye joto lile. Kama una mzee, andika kabla kwamba nyumba iwe karibu na ukumbi.

Wakati wa kuagana Mama alifungua pindo la leso, akatoa bahasha yake aliyoiandaa mwenyewe bila kutuambia, na dereva akaipokea kwa mikono miwili na kuinama ili ashikwe kichwa. Ndani kulikuwa na kiasi gani hajatuambia mpaka leo. Anachoniuliza ni Maasai Mara ni lini. Nimemwambia ratiba ilikuwa na kutembelea manyatta, hatukupelekwa, na ofisi imekubali kurudisha 1,500 kwa kila mtu. Ni wiki ya tano sasa. Hiyo 4,500 ikiingia, ndipo nianze kuhesabu.