Pramipeksoli na mimi: miguu ilitulia, vitenge vikaanza kuingia ndani

Mimi ni fundi cherehani, niko Temeke, na kwa miaka mingi nilidhani miguu yangu imechoshwa na kazi tu. Mchana nikikanyaga cherehani sina tatizo lolote. Usiku nikijilaza, kitu kinaanza kutembea ndani ya mfupa wa ugoko. Si maumivu, si ganzi, ni kama kutekenywa mahali ambapo mkono haufiki. Nikiinuka kinaondoka, nikirudi kitandani nacho kinarudi. Zipo siku nilitoka saa nane za usiku nikaenda kukanyaga cherehani isiyo na uzi, baba watoto analalamika kelele.

Njia wanazopita wengi nilizipita zote: mafuta ya karafuu, dawa za minyoo, kuambiwa nimekanyaga kitu cha watu. Duka la dawa wakanipa Piriton nipate usingizi, miguu ikazidi. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi huweza kuuchochea huu ugonjwa. Daktari wa mishipa ya fahamu aliuita ugonjwa wa miguu isiyotulia, akaniambia Mwingereza mmoja, Thomas Willis, aliuandika tangu 1672. Nilifarijika. Kumbe si mambo ya mtaani kwetu.

Akaniandikia pramipeksoli. Ng'ambo maboksi yake yameandikwa Sifrol, Mirapexin au Mirapex. Ya kwangu ilitoka India. Alivyonieleza, ubongo unatumia kitu kinaitwa dopamini kuongoza mwendo wa mwili. Hii dawa siyo dopamini, ila inakwenda kukaa kwenye kiti chake, na ubongo unadhani mwenyewe amefika. Tatizo ni kwamba viti hivyo haviko kwenye mambo ya mwendo peke yake. Vipo pia pale tunaposikia raha na hamu. Hili la pili alilisema, lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza, nawaza usingizi.

Nilianza na kidonge kidogo kabisa, 0.125 mg, nikinywa muda wa saa mbili au tatu kabla ya kulala. Nalala saa nne, kwa hiyo adhana ya isha ndiyo ikawa saa yangu. Siku mbili za mwanzo kichefuchefu, nikaambiwa ninywe pamoja na chakula, kikaisha. Usiku wa tatu nililala moja kwa moja mpaka binti yangu akaja kunigusa akihofia nimezidiwa. Sijawahi kunywa dawa ikafanya kazi namna ile. Baada ya wiki daktari akaniongeza hadi 0.25 mg, nikakaa nayo miezi minane kama bibi harusi.

Halafu miguu ikaanza kuja mapema. Kwanza baada ya magharibi, kisha saa kumi jioni nikiwa nimekaa na mteja, kisha hata mikononi, ambako haikuwahi kufika. Nilichofanya ndicho kosa langu kubwa. Baba yangu mdogo kule Tanga ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na mwili kukakamaa, naye anakunywa dawa hii hii, 1 mg mara tatu kwa siku. Nikapiga hesabu ya fundi: yeye mzee anabeba zote hizo, mimi nikiongeza kidogo itanidhuru nini? Nikapanda hadi 0.5, nikapanda hadi 0.75, nikafika 1 mg. Dukani hawakuniuliza cheti.

Hesabu ile haikuwa ya kitambaa kimoja. Wenye Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini zinakufa, na wanaweza kupandishwa polepole mpaka 4.5 mg kwa siku. Kwa miguu isiyotulia, maelekezo ya Marekani yanaishia 0.5 mg. Hata kwa dozi ya kawaida, na zaidi ukizidisha, dawa yenyewe inaweza kuuchochea ugonjwa: unaanza mapema zaidi, unakuwa mkali zaidi, unapanda mikononi. Na wewe, kama nilivyofanya mimi, unaongeza tena, unamwagia moto mafuta ya taa.

Sasa vitenge.

Fundi kununua vitenge hakumshtui mtu, ndiyo maana hakuna aliyeona kitu. Saa saba za usiku niko na simu, naangalia picha za mzigo mpya wa Kariakoo, natuma hela. Kila doti ilikuwa na sababu yake: huu mteja atataka, huu utapanda bei, huu haurudi tena. Nilichukua mkopo wa kikoba, nikaupeleka huko. Nikachukua wa kausha damu kulipa ule wa kikoba. Baba watoto alipofunua uvungu wa kitanda alikuta doti 43, nyingi bado zimo kwenye nailoni, hata mkasi haujazigusa. Kilichonitisha baadaye ni kwamba sikuwahi kujisikia vibaya siku zile. Nilijisikia mjanja.

Mama mkwe alisema nimechezewa. Shoga yangu alidhani nafungua duka nimemficha. Daktari aliuliza swali moja: "Mama, siku hizi unanunua nini?" Kisha akataja mengine bila kubadilisha sauti: kamari, kula usiku bila kushiba, tamaa ya tendo la ndoa kupita kawaida yako. Alisema huwauliza wote wanaotumia dawa za aina hii, wanaume kwa wanawake, kwa sababu mtu hawezi kulisema mwenyewe. Nilikumbuka kijana mmoja tuliyekaa naye kwenye benchi kliniki, alivyokuwa akihesabu mikeka yake ya mpira mpaka anaitwa jina hasikii. Sijui kama ilikuwa ni dawa. Ila tangu siku hiyo siwaangalii watu wa mikeka kama zamani.

Nilitaka kuitupa chooni siku ile ile. Akanikataza kabisa. Hii dawa haikatwi ghafla. Kwa wenye dozi kubwa za Parkinson kukata ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa, jambo la kulazwa. Mimi nilishushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na sitadanganya, zilikuwa mbaya. Jasho, wasiwasi, kulia bila sababu, na miguu ikicheza ngoma kuliko hata kabla ya dawa. Hamu ya vitenge iliondoka kabla ya wiki ya nne. Nilipita dukani kwa mwenzangu nikaona mzigo mpya, nikaona ni nguo tu.

Kitu kingine kilichonichoma: hakuna aliyekuwa amepima akiba yangu ya madini ya chuma. Damu ilipimwa mara tatu, ikawa 12.6, nikaambiwa ninayo ya kutosha. Lakini kuna kipimo kingine, feritini, kinachoonyesha akiba, na yangu ilikuwa 19. Kwa ugonjwa huu, madaktari hufikiria kumwongezea mgonjwa chuma hata akiwa na 75. Nikapewa vidonge vya chuma, nivinywe na maji ya machungwa, mbali na chai. Mswahili na chai! Ilinibidi nihamishe chai yangu ya asubuhi kwa saa mbili. Usiku natumia gabapentini, dawa ya kundi jingine ya kutuliza miguu, ambayo nayo ina kizunguzungu chake. Kule Marekani, mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Januari 2025 haupendekezi tena pramipeksoli kama dawa ya kawaida ya miguu. Unatanguliza chuma na dawa za kundi la gabapentini.

Baba mdogo yeye anaendelea nayo, na ni sawa. Bila hiyo na levodopa yake, dawa ambayo ubongo unaigeuza kuwa dopamini, hafungi kifungo cha shati. Lakini anachungwa. Aliwahi kulala ghafla kikombe cha kahawa mkononi, hapo barazani, bila kupiga hata mwayo; pikipiki ikauzwa wiki hiyo hiyo. Akitaka kusimama anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, maana presha inashuka. Miguu ikivimba tunamwambia daktari. Figo zinapimwa, kwa kuwa dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, zikidhoofu dozi lazima ipungue. Kuna kipindi aliona paka uani ambaye hayupo, dozi ikashushwa, paka akaondoka.

Siku moja alitapika, zahanati wakamchoma metoklopramidi, ile wengi wanaiita Plasil. Kesho yake alikuwa gogo. Dawa ile inaziba vile viti vya dopamini. Sasa mama mdogo anatembea na karatasi kwenye pochi yenye jina la ugonjwa na maneno "asipewe metoklopramidi wala haloperidoli", hiyo ya pili ni dawa ya magonjwa ya akili. Jirani naye kaleta unga wa mbegu za upupu, na si porojo, upupu una levodopa ya kweli. Ila hakuna anayejua kijiko kimoja kina kiasi gani, juu ya vidonge anavyokunywa tayari. Tulimshukuru, tukauweka kabatini.

Nikiulizwa niipe dawa hii nyota ngapi? Kwa baba mdogo naipa nyota nne. Kwangu mbili, na moja kati ya hizo ni ya ile miezi minane.

Kikoba nimemaliza kulipa mwezi uliopita. Kila Ijumaa baba watoto anasoma meseji zangu za malipo, mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba. Doti kumi na moja bado ziko uvunguni. Ukitaka dera, njoo na vipimo vyako, kitambaa ninacho.