Jeti za Mikuni kwenye Yamaha YZ125: Uzoefu Wangu Kati ya Kilifi na Nairobi

Mwaka jana nilinunua Yamaha YZ125 iliyotumika kutoka kwa rafiki anayeishi Kilifi. Pikipiki hiyo, ambayo kule pwani ilikuwa ikiruka mchangani kama swala, ilipofika Nairobi iligeuka kikongwe: inawaka kwa shida, inakohoa kila ninapovuta mafuta, na plagi inalowa kabla ya nusu saa kwisha. Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha ringi za pistoni, nazo hazikuwa na kasoro yoyote. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Kilifi, ilhali kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iliendelea kumimina petroli kwa kipimo cha pwani.

Kabureta yenyewe ni ya kampuni ya Mikuni, ya milimita 38, na jeti kuu niliyoikuta ndani, yaani kile kipande kidogo chenye tundu linalopima petroli inayopita, ilikuwa na namba 430; namba ikipungua, petroli nayo hupungua. Kwa ubahili wangu nilianza na pakiti ya jeti zisizo na jina la mtengenezaji, nikafunga 420, halafu 410, halafu 400, na cha kushangaza ni kwamba hiyo 400 ililowesha plagi kuliko ile ya 420. Nilichomoa uzi mmoja kwenye waya wa breki ya baiskeli kuukuu nikaupitisha kwenye matundu: katika 420 ulipita kwa kukwama, katika 400 ukaanguka upande wa pili wenyewe. Wiki mbili nzima nilikuwa nikirekebisha injini kwa namba za uongo.

Ndipo nikaagiza seti ya jeti halisi za Mikuni, kuanzia 390 hadi 440, kwa bei iliyokaribia mara nne ya zile za kwanza. Namba zake zinasomeka vizuri, na kila jeti hujifunga kwa vidole hadi karibu mwisho bila kukwaruza. Anayetaka kuazima jeti ya mwenzake ajue kwamba namba za Mikuni za aina hii hufuata kiasi cha mafuta kinachopita, wakati zile za Keihin, mtengenezaji mwingine wa kabureta, hufuata kipenyo cha tundu, kwa hiyo namba zikifanana haina maana kwamba mafuta yatalingana.

Jeti kuu hutawala pale mkono wa mafuta unapopita robo tatu hadi mwisho; katikati ni kazi ya sindano inayopanda na kushuka ndani ya kabureta, na chini kabisa ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya hewa. Nilibandika utepe kwenye mshiko ili nijue niko sehemu gani, kisha nikapanda barabara moja ndefu ya vumbi kwa gia ya tatu, mafuta yakiwa wazi yote, nikazima injini ghafla huku nimeshika klachi. Plagi niliitoa ingali ya moto kwa kitambaa. Kwa 420 ilikuwa nyeusi na yenye utelezi. Kwa 410 kauri yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mlio wa ekzosi ukawa mkavu, usio na ule mkwaruzo wa kukabwa. Nilijaribu 400 kwa tamaa tu, petroli ikawa kidogo mno kwa hewa inayoingia na kauri ikaanza kuwa nyeupe, nikairudisha 410 siku hiyo hiyo. Petroli ya pikipiki hii ndiyo inayobeba oili, nami huchanganya sehemu 30 za petroli kwa 1 ya oili, hivyo mafuta yakipungua pistoni hukosa ulainisho wakati uleule joto linapopanda.

Lalamiko langu ni kwamba seti haikuwa na jeti ndogo hata moja. Skrubu ya hewa ilinidai zaidi ya mizunguko miwili na nusu kabla injini haijatulia, dalili kwamba jeti ndogo iliyopo ni kubwa kwa huku, na hiyo imenibidi niiagize peke yake.

Desemba nitashuka nayo Kilifi. Ile 430 nimeifunga kwa karatasi pamoja na spana ya nati ya chini ya bakuli la kabureta, kwa sababu lazima irudi kwenye kabureta kabla sijapiga kiki ya kwanza kule.