Boneti ya mtumba ya Carina: anza na ipi, iache ipi

Ukifika Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar es Salaam, ukasema unataka boneti ya Carina, utaulizwa ipi, na kujibu "AT211" hakutoshi. Namba hiyo ya modeli ipo kwenye Carina ya 1996 hadi 2001, na ipo pia kwenye Corona Premio ya miaka hiyohiyo. Injini ya 7A ni ileile, lakini sura ni mbili: taa tofauti, sho (grili ya mbele) tofauti, na boneti haziingiliani. Ndivyo ilivyo pia kwa GX100: Mark II, Chaser na Cresta zote zinaitwa hivyo, na kila moja ina uso wake. Kwa hiyo nenda na picha ya mbele ya gari, picha ya kibati cha chasisi, na ikiwezekana boneti yenyewe iliyopinda. Muuzaji anayekwambia "zote zinaingia" bila kuangalia picha, mshukuru uende duka la pili.

Chaguo langu la kwanza ni boneti moja iliyotoka Japani ikiwa bado na rangi yake ya kiwandani. Hapa usiwe na haraka. Igeuze uangalie chini, kwa sababu juu kila boneti inang'aa. Ukingo wa bati umekunjwa na kuzibwa na silanti. Mstari wake unatakiwa uende sawasawa pande zote mbili. Ukikuta umekatika upande mmoja, au mbavu za ndani zina alama za nyundo, hiyo imeshanyooshwa. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: pale inapolegea kuna puti, yaani plasta ya kuziba mabonde. (Baadhi ya magari yana boneti za alumini, hizo sumaku haishiki kabisa.) Kagua ukingo wa mbele, maji hutuama hapo na kutu huanzia ndani. Rangi nyeusi mbichi upande wa chini, achana nayo.

Ya pili ni nosekati, yaani sehemu yote ya mbele iliyokatwa kwenye gari moja, lakini kama ajali imekula taa, sho na sapoti ya rejeta pia. Vitu vyote vimetoka gari moja, kwa hiyo fundi hahangaiki na mianya. Kwa boneti peke yake ni kutupa hela, labda uwe na mtu wa kununua zilizobaki.

Ya tatu ni boneti ya gari lililofia hapa nchini. Bei yake inavutia, ila mara nyingi imepita kwa mafundi zaidi ya mmoja. Uliza imetoka kwenye gari gani, na udai risiti iliyoandikwa kwamba isipokaa inarudi. Akikataa kuandika, hata punguzo lake lisikushawishi.

Boneti mpya zisizo za kiwanda cha gari naziweka chini ya hizo. Hazina kutu, sawa, lakini nyingi bati lake ni jepesi na mianya ya pembeni humtoa fundi jasho. Ya mwisho kabisa ni kukata boneti ya gari jingine na kuichomelea ifanane. Hapana.

Mwenye Forester ya tabo yenye tundu juu ya boneti aongeze sharti moja: tundu hilo ndilo linalopeleka upepo kwenye kipoza hewa ya tabo, hivyo boneti bapa ya isiyo na tabo itafunga vizuri na bado itakuumiza.

Rangi isikuchagulie boneti. Nyeupe ya kawaida ya Toyota, kodi 040, hupatanishwa kirahisi. Nyeupe ya lulu, ile inayometameta, ndiyo ghali. Lakini boneti ijaribiwe garini kabla ya kupakwa: ikae kwenye bawaba, mianya ya kushoto na kulia ilingane, na loki ishike hatua zote mbili. Ile ndoano ya pili ndiyo inayozuia boneti isikupande kiooni ukiwa kasi barabara ya Morogoro. Na ukiibeba kwa kirikuu, ilale juu ya godoro au maboksi na ifungwe kamba. Nyingi hupinda njiani baada ya kulipiwa.