Jeli ya arnika kwa madoa ya damu kuvilia: uzoefu wangu

Siku hizi nikigusa ukingo wa meza tu, kesho yake mkono una doa la zambarau, na wala hauumi. Daktari aliniambia ni ngozi iliyokonda kwa umri na jua, kiasi kwamba vishipa vya damu vilivyo chini yake vinapasuka kwa kitu kidogo. Akauliza kama natumia asprini, dawa za kuzuia damu kuganda au krimu za steroidi, maana zote huzidisha tatizo. Situmii. Ndipo nikajaribu jeli ya arnika, inayotokana na ua la manjano la milima ya Ulaya.

Kwa kupaka ni nzuri. Hainati, inakauka upesi, na ubaridi wake unatuliza. Nilipojigonga goti likavimba niliifurahia kweli, ingawa siku ya kwanza barafu niliyoifunga kwa kitambaa ilisaidia zaidi.

Kwenye rangi ndipo nina neno. Boksi linaahidi doa kufifia haraka. Nilipopata madoa mikono yote miwili kwa kubeba kreti, nilipaka wa kulia tu, wa kushoto nikauacha. Yalififia pamoja. Goti lilikuwa limepita kwenye kijani na manjano, ambazo ni rangi za himoglobini (kitu kinachoipa damu wekundu wake) iliyovuja, mwili unapoivunjavunja. Mikono ilitoka zambarau moja kwa moja ikawa kahawia. Kahawia hiyo ni chuma cha damu kilichobaki ndani ya ngozi, na inaweza kukaa miezi. Doa la kawaida huondoka lenyewe kwa wiki 2 hivi, kwa hiyo ukianza kupaka katikati ya safari utaisifu jeli kwa kazi ya mwili wako.

Kilichonifaa zaidi ni krimu nzito ya kulainisha ngozi asubuhi na jioni, kinga ya jua, na mikono mirefu ninapofanya kazi za nyumbani. Madoa mapya yamepungua.

Jeli usiipake penye ngozi iliyochubuka, na iwe mbali na watoto kwani arnika ni sumu ikimezwa. Ngozi inayokataa maua ya jamii ya alizeti inaweza kutoka vipele. Na kama madoa yanazuka pasipoguswa kabisa, au fizi nazo zinatoka damu, hapo ni kupimwa damu, si kupaka.

Nyota 3, zote kwa ajili ya goti. Kwa mikono sitanunua tena.